Wasomaji Wanauliza: U-73, nyambizi iliyozamisha meli ikiwa haipo

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili tu habari ya Britannic, mdogo wake Titanic, kwamba ilizama Ugiriki mwaka 1916 kwa sababu ya nyambizi ya Kijerumani, tukaendelea na mambo mengine. Kumbe hapo ndo tulipowagusa watu. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kwa hiyo leo safu yote tumeiacha kwa hiyo nyambizi.

Mhariri shikamoo. Mimi na mjomba tumebishana mpaka chai imepoa. Yeye anasema Britannic ilipigwa topido, mimi nilisoma mahali kwamba iligonga bomu la kutegwa. Nani yuko sahihi, na hiyo nyambizi ilikuwa ipi? Msomaji, Tanga

Marahaba. Umeshinda wewe, ila mjomba usimcheke sana maana hata waliokuwemo melini walibishana hivohivo. Wapo walioapa kwamba waliona mstari wa povu la topido ukija, na uchunguzi wa jeshi la majini la Uingereza ulisema inaweza kuwa topido au bomu, ila kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni bomu. Ubishi ukaendelea miaka na miaka mpaka wapiga mbizi waliokwenda pale mwaka 2003 wakakuta nanga za mabomu chini ya bahari jirani na mabaki ya meli, kama kumbukumbu za Wajerumani zilivyokuwa zikisema siku zote. Kwangu mimi kesi imeisha.

Nyambizi yenyewe ni U-73, na kazi yake ilikuwa tofauti na zile tulizozoea kuzisikia. Nyambizi ya kawaida inavizia, inamwona adui kwenye darubini, inafyatua topido halafu inatoroka. U-73 ilitengenezwa mahsusi kwa kutega mabomu. Inakuja usiku mahali ambapo meli za adui lazima zipite, inaacha mzigo wake, inaondoka, na wiki mbili tatu baadaye meli inalipuka wakati nyambizi iko mbali kabisa na mabaharia wake wanakula na kulala. Ndo maana watu walikuwa wanaona topido ambayo haipo, unalipuka asubuhi kweupe bahari imetulia, akili inatafuta mtu wa kumlaumu na macho yanamtafutia.

Iliundwa Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk kule Poland, ikaingizwa kazini Oktoba 1915. Walikuwa ndugu kumi, U-71 mpaka U-80. Urefu karibu mita 57, watu 32 ndani, mabomu 34 sehemu ya nyuma, mirija miwili tu ya topido na mzinga mmoja juu. Mwendo wake ulikuwa aibu kidogo, juu ya maji noti kama kumi hivi ambayo hata kilomita 20 kwa saa haifiki, bodaboda yenye abiria watatu inaiacha palepale. Na hiyo ndo ilitumwa kutoka Ujerumani mpaka Mediterania!

Ilitoka Cuxhaven tarehe 1 Aprili 1916 chini ya kapteni Gustav Sieß. Njia fupi ya kupita kati ya Uingereza na Ufaransa ilikuwa hatari, kwa hiyo ikazunguka juu kabisa Uskochi, ikashuka Atlantiki mpaka Ureno, na mbele ya Lisbon ikamwaga mabomu ya kwanza. Hapo tuweke nukta kidogo maana linatuhusu: Ujerumani ilikuwa imetangaza vita na Ureno mwezi Machi tu, na mwezi huohuo wa Aprili Wareno walikuwa huku kwetu mdomoni mwa mto Ruvuma wakiwanyang'anya Wajerumani eneo la Kionga. Vita ni ileile, pwani mbili tofauti. Ila aliyeanza kuumia pale Lisbon hakuwa Mreno wala Mwingereza, ilikuwa meli ya mizigo ya Norwe, Terje Viken, na Norwe haikuwa vitani hata kidogo.

Ikapenya Gibraltar, ikaenda Malta ambako ndo kulikuwa na kambi kubwa ya manowari za Waingereza, ikatega tena. Tarehe 27 Aprili manowari kubwa ya vita HMS Russell ikagonga, wakafa watu kama 125. Siku hiyohiyo HMS Nasturtium nayo ikagonga na ikazama, na kesho yake ikafuata Aegusa. Hii Aegusa msiipite haraka. Ilikuwa boti ya starehe ya Sir Thomas Lipton, huyohuyo wa majani ya chai, zamani ikiitwa Erin, matajiri na wafalme walikuwa wanakula humo, vita ilipoanza ikafungwa bunduki ikawa ya doria. Meli tatu za kivita kwa siku mbili, na U-73 haikufyatua hata risasi moja. Tarehe 30 ikaingia Cattaro, ghuba iliyokuwa ya Austria na Hungaria wakati huo, leo inaitwa Kotor na iko Montenegro, ndo ikawa nyumbani kwake.

Sasa Britannic. Tarehe 28 Oktoba 1916 Sieß alitega mabomu kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Kea na bara la Ugiriki, njia ya meli nyingi zilizokuwa zinakwenda kisiwa cha Lemnos na mji wa Salonika. Wa kwanza kuingia mtegoni, Novemba 14, alikuwa Burdigala ya Wafaransa, na historia ya hii meli inachekesha kwa uchungu: ilizaliwa meli ya abiria ya Kijerumani, jina lake Kaiser Friedrich, ikaundwa Danzig hukohuko ilikoundwa U-73. Ilishindwa kufikia mwendo uliokuwa kwenye mkataba, kampuni ikaikataa, ikakaa imefungwa miaka mpaka Wafaransa wakainunua. Kwa hiyo bomu la nyambizi ya Danzig likazamisha meli ya Danzig. Alikufa mtu mmoja tu.

Wiki moja baadaye, Novemba 21 saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, ikawa zamu ya Britannic. Wakati huo ilikuwa meli ya hospitali, urefu wa mita 269, imepakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ilikuwa inakwenda Lemnos kuchukua majeruhi kwa hiyo vitanda vilikuwa vitupu, na hilo ndo liliokoa maelfu. Kapteni Bartlett akajaribu kuikimbiza kwenye fukwe za Kea ili aiegeshe mchangani, lakini kadiri ilivyokwenda mbele ndivyo ilivyokunywa maji, na kuna vidirisha vingi vya ubavuni vilikuwa wazi kwa sababu wauguzi walikuwa wanapitisha hewa wodini. Wakati huo bila ruhusa yake boti mbili za uokozi zikateremshwa, pangaboi bado zinazunguka na upande mmoja umeshaanza kunyanyuka juu ya maji, zikavutwa na kukatwakatwa pamoja na watu. Wengi wa wale 30 waliokufa walikufia hapo. Dakika 55 toka mlipuko, meli ikawa chini. Zaidi ya watu 1,000 waliokolewa, akiwemo Violet Jessop, yule mama aliyekuwa ameshatoka salama kwenye Titanic 1912.

Siku mbili baada ya hapo Braemar Castle, nayo meli ya hospitali, ikagonga bomu la nyambizi hiyohiyo, ila ikawahi kuegeshwa kisiwani na baadaye ikatengenezwa.

Mimi ni baharia mstaafu, nimefanya kazi Kilindini miaka. Ninachotaka kujua ni ufundi. Nyambizi inatupaje mabomu chini ya maji bila kujilipua yenyewe? Msomaji, Mombasa

Mzee wangu shikamoo, swali la mtu wa kazi hilo. Bomu lenyewe linaelea, ni tufe la chuma lenye hewa na baruti ndani, na limefungwa kwenye sanduku zito ambalo ndo nanga yake, katikati kuna waya uliokunjwa. Kwenye U-73 yalikuwa yamewekwa ndani kabisa ya nyambizi, pakavu, na yanatolewa kupitia mirija miwili mipana tezini, yaani nyuma ya chombo, huku chombo kinaendelea kwenda mbele, kwa hiyo kila bomu linabaki nyuma. Likitoka linazama zima na nanga yake mpaka chini. Kuna kifungio kimeshikwa na kitu kinachoyeyuka kwenye maji, kwa hiyo bomu halipandi palepale, linampa mtegaji muda wa kuondoka, kile kitu kikiisha bomu linaachia na kupanda na waya wake mpaka mita chache chini ya uso wa maji, pale ambapo mashua inapita salama na meli kubwa haipiti.

Juu yake sasa kuna zile pembe. Mtu akiziona anadhani ndo zinalipuka zenyewe, hapana. Pembe ni ya risasi, yaani madini laini, na ndani yake kuna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiigonga pembe inapinda, kichupa kinavunjika, asidi inamwagikia kwenye sehemu za betri ambazo zilikuwa kavu, umeme unazaliwa pale pale na kuwasha fataki. Maana yake bomu halina betri ya kuisha chaji, linaweza kukaa miezi, hata miaka, linasubiri tu. Mjerumani hapo alifikiria.

Ila kujilipua kulikuwepo. Kuna aina nyingine ndogo, zile za UC, zenyewe mabomu yalikaa kwenye mirija iliyo wazi kwa maji na yanadondokea chini ya tumbo la nyambizi. UC-44 ililipukia kwenye bomu la Kijerumani karibu na Waterford, Ireland, Agosti 1917, akapona kapteni wake Tebbenjohanns, halafu Waingereza wakaivua baharini wakapata nyaraka zote. Na kuna tatizo lingine ambalo wewe mzee utalielewa haraka: kila bomu likitoka nyambizi inapungua uzito nyuma, usipoingiza maji kufidia, tezi linanyanyuka na unajionesha kwa adui. Sasa fikiria mabomu kadhaa yanatoka mfululizo, gizani, mbele ya bandari ya adui, na injini za kwao zilikuwa dhaifu.

Kupiga meli ya hospitali si uhalifu wa kivita? Mbona huyo kapteni hakushtakiwa? Msomaji, Kampala

Kuilenga meli ya hospitali ni uhalifu, ndiyo, hata wakati ule. Lakini bomu la kutegwa halina macho, halijui msalaba mwekundu wala bendera, na mtegaji atasema mimi nililenga njia ya manowari na meli za askari, sikuilenga hospitali. Mkataba wa The Hague wa 1907 ulikataza kutega mabomu pwani ya adui kwa nia ya kuzuia biashara peke yake, na hilo neno "peke yake" lilitosha kumtoa mtu yeyote, kila kapteni angesema kulikuwa na manowari pia. Na bado Ujerumani ilipotia saini iliweka pingamizi kwenye kifungu hichohicho, na Ufaransa pia, tusiwaonee Wajerumani tu. Waingereza nao walijaza Bahari ya Kaskazini mabomu yao kwa maelfu.

Mimi naona sheria ile iliandikwa na watu waliojua watakuja kuitumia silaha hiyo. Sieß hakushtakiwa kwa Britannic, na mwaka 1918 alipewa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa kwa maofisa wao.

Bwana Yesu asifiwe. Nimesikia mchungaji Martin Niemöller, yule aliyefungwa na Hitler, alikuwa humo kwenye nyambizi. Ni kweli au watu wanamchafua? Msomaji, Moshi

Amina. Ni kweli na mwenyewe hakuwahi kuficha. Niemöller alizaliwa 1892, akaingia jeshi la majini kabla ya vita, na mapema 1916 akapangiwa U-73 kama ofisa wa pili, kwa hiyo safari ile ya kuzunguka Uskochi mpaka Malta alikuwemo. Mwishoni mwa 1916 nyambizi ilikwenda kutega mbele ya Port Said, mdomo wa Mfereji wa Suez, njia ya mkato ya meli za kutoka Mombasa na Dar kwenda Ulaya. Januari 4, 1917 ikazama pale Peresvet, manowari ya Warusi. Hii nayo ilikuwa na mkosi wake: Ilishazamishwa mara moja huko Port Arthur kwenye vita na Wajapani, Wajapani wakaiibua wakaitumia, mwaka 1916 wakawauzia Warusi upya, haijamaliza hata mwaka iko chini tena, na watu zaidi ya 100.

Baadaye Niemöller akapewa nyambizi yake mwenyewe, UC-67, nayo ya kutega mabomu. Vita ilipoisha akaachana na jeshi, akasomea uchungaji. Na hapa nisiwadanganye kwa kumsafisha: mwanzoni alimkaribisha Hitler kwa furaha. Aligeuka pale Wanazi walipoanza kuingilia kanisa na kutaka Wakristo wenye asili ya Kiyahudi watolewe kwenye huduma. Alikamatwa Julai 1937, akakaa Sachsenhausen kisha Dachau mpaka 1945. Na akiwa humohumo kambini, 1939, aliandika kuomba arudishwe jeshi la majini kupigana, wakamkatalia. Mtu mmoja, mambo yote hayo! Uzeeni ndo akawa mpinga vita na mpinga silaha za nyuklia mkubwa, na kuanzia 1961 mpaka 1968 alikuwa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kwa hiyo KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, inaundwa 1963 yeye alikuwa kwenye kiti hicho. Alifariki 1984.

Swali fupi: U-73 iliishia wapi, na ndugu zake je? Msomaji, Dodoma

Ilizamishwa na wenyewe. Oktoba 1918 Austria na Hungaria ilikuwa inasambaratika, bandari zao zinakwenda mikononi mwa watu wengine, na nyambizi zisizo na uwezo wa kurudi Ujerumani zililipuliwa ili adui asizipate. U-73 tarehe 30 Oktoba pale Pola, leo Pula ya Kroatia. Siku kumi na mbili tu kabla ya vita kwisha Ulaya. Kwa ndugu zake nitaje mmoja, U-75, huyo alitega magharibi ya visiwa vya Orkney na Juni 5, 1916 HMS Hampshire ikagonga humo, akafa Lord Kitchener, yule aliyeshinda vita ya Omdurman kule Sudan, waziri wa vita wa Uingereza akiwa njiani kwenda Urusi. Walionusurika melini 12 tu.

Je, hizi nyambizi za kutega mabomu ziliwahi kufika pwani yetu? Babu zetu Mafia walikuwa wanasimulia habari za manowari za Mjerumani. Msomaji, Muscat

Za babu zenu Mafia ni kweli ila hazikuwa nyambizi. Hiyo ni Königsberg, manowari ya juu ya maji, iliyoizamisha HMS Pegasus pale Unguja Septemba 20, 1914, ikajificha Rufiji, ikamalizwa Julai 1915, na mizinga yake ikatolewa ikapigana nchi kavu. Mafia ndo Waingereza walipokaa kuiwinda, kwa hiyo wazee waliona mengi.

Nyambizi za Cattaro zisingeweza kuja huku, Suez iko mkononi mwa Mwingereza na kuzunguka Afrika nzima kwa mwendo ule wa U-73 ni kujitakia balaa. Mabomu ya Kijerumani yaliyofika Bahari ya Hindi yaliletwa na Wolf, meli ya vita iliyojifanya ya mizigo, mwanzoni mwa 1917 ikatega kusini mwa Afrika, Bombay na Colombo, halafu ikarudi Ujerumani Februari 1918 bila kukamatwa.

Vita ya pili ndo nyambizi zilifika kweli, za Wajerumani na za Wajapani, lakini kwa topido. Na iliyotuumiza kuliko zote ilikuwa ya Mjapani, I-27. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo imebeba zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wanapelekwa vita ya Bama (leo Myanmar), pamoja na wauguzi. Tarehe 12 karibu na Maldivi ikapigwa, ikazama kwa dakika kama tatu hivi, wakafa 1,297. Manowari za Waingereza zilipoisaka ile nyambizi zikaangusha mabomu ya maji palepale walipokuwa wanaogelea walionusurika, maana nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na ikazamishwa kweli. Waliotoka hai ni 214, wanawake humo sita. Msomaji yeyote ambaye babu yake alikuwa kwenye kikosi hicho cha mizinga atuandikie, kama ana picha au barua ya wakati ule bora zaidi, habari hiyo tutaipa kurasa zake yenyewe.